Selfi unayoiposti, huwa unamwandikia nani?

Mpigapicha_Kibuye (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Wiki nzima nimesoma watu wakirushiana maneno juu ya vijana na selfi: mara ni majivuno, mara ni kukosa kazi, mara ni kizazi kilichoharibika. Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu picha ndiyo inayonilisha. Nina kichumba changu hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na nimekaa humo tangu enzi za filamu ya pozi 36. Siku hizi kazi kubwa si kupiga, ni kuchapa. Mtu anakuja na simu, naunganisha na kompyuta, namtolea picha ya fremu, ya pasipoti au ya programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba ya msiba. Kwa hiyo selfi za watu nazitazama kila siku, na nyingi nazitazama wenyewe wakiwa wameshatangulia mbele za haki.

Mwezi wa tatu alikuja nyanya mmoja kutoka upande wa Seme, ameshikwa mkono na mjukuu wa kike. Kwenye leso alikuwa amefunga simu yenye kioo kilichopasuka, ya mjukuu wake mwingine, kijana wa boda wa miaka 22 ambaye walikuwa wanamzika Jumamosi. Nyanya ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya. Wakataka picha moja ya mbele ya programu na moja ya fremu ya kuweka juu ya jeneza.

Nikafungua simu. Picha zilikuwa mamia, na karibu zote alijipiga mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake akamwambia "tulia hapo nikupige". Nikachagua moja nzuri sana: jioni, mbele ya lango la kwao, amevaa jezi ya kijani ya Gor Mahia, timu yetu ya mpira, jua limemwagika shavuni. Nikaukata mkono uliokuwa umeshika simu, nikasafisha nyuma, nikachapa, nikampa nyanya.

Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "huyu ni yeye, lakini si yeye."

Nilidhani ni uchungu. Nikamuuliza, "Nyanya, ni rangi? Nimemfanya mweupe?" Akasema la, rangi ni yake. "Uso umekaa kama wa mtu wa ukoo wetu nisiyemjua." Nikawa nimekwama. Ndipo macho yangu yakaangukia jezi. Maandishi yalikuwa yamekaa kinyume, yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Nikamuuliza kama kijana alikuwa na alama usoni. Akagusa nyusi yake mwenyewe ya kushoto: alianguka kutoka kwenye mpera akiwa darasa la pili, akashonwa. Kwenye picha niliyompa, kovu lilikuwa kwenye nyusi ya kulia.

Nikaigeuza. Ni kubonyeza mara moja tu. Nikachapa tena, nikampa. Hakusema neno. Aliweka kiganja juu yake, kama unavyoweka mkono kwenye paji la uso la mtoto kusikia kama ana homa, kisha akaifunika na leso.

Sababu yake, kwa wasiojua, ni hii. Kamera ya mbele hukuonyesha kama kioo. Simu nyingine huigeuza picha wakati wa kuihifadhi, nyingine huihifadhi vile vile kioo kilivyokuonyesha. Na uso wa binadamu hauko sawa pande zote mbili: nyusi moja iko juu kidogo, mdomo umeinamia upande mmoja. Wewe mwenyewe umeizoea sura yako ya kioo tangu utotoni. Wanaokupenda wamezoea ile nyingine. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao mbili, moja halisi na moja iliyogeuzwa kama kioo, wakawaonyesha pia marafiki na wapenzi wao. Wenye sura zao walielekea kuipenda ile ya kioo. Marafiki na wapenzi waliipenda ile halisi. Kila mmoja alichagua uso aliouzoea.

Kwa hiyo kijana yule alihifadhi uso alioujua yeye, na nyanya akaja kwangu kutafuta uso alioujua yeye. Tangu siku hiyo, nikiona selfi sijiulizi tena huyu anajivuna au hajivuni. Nauliza: anamwandikia nani? Kwangu selfi ni barua, na barua huwezi kuielewa bila kujua ilikuwa inaenda kwa nani.

Mwalimu_Vihiga

Mulembe ndugu yangu, na poleni kwa huyo nyanya. Nimesoma kwa makini, na kwa kijana yule nakubali. Lakini usituambie kila selfi ni barua. Mimi nafundisha sekondari. Nina msichana anayejipiga picha 40 ili atume moja, na akiona hakuna aliyempongeza anaifuta jioni ile ile na kesho darasani hainui kichwa. Hiyo ni barua gani?

Na la pili, ambalo limenikaa moyoni tangu Desemba. Kwenye mazishi fulani huku kwetu, jeneza likishushwa, vijana wawili walilipa kaburi mgongo, wakanyanyua simu, wakajipiga. Mama wa marehemu aliwaona. Nami niliona alivyowaona.

Mpigapicha_Kibuye

Mwalimu, asante. Naanza na msichana wako.

Hiyo pia ni barua, ila imetumwa bila jina la mpokeaji. Barua aliyoandika yule kijana ingeweza kujibiwa na mtu mmoja tu na ikatosha. Ya msichana wako imeandikwa kwa "watu wote", na watu wote hawana mkono wa kuandika jibu. Picha 40 si majivuno, mwalimu. Mwenye majivuno hupiga moja akaridhika. Huyo anauliza swali, na anaogopa jibu. Mtu mmoja anayemheshimu akimwambia ana kwa ana kwamba amemwona, nadhani zitapungua.

Na tusisahau kwamba mambo haya ni ya zamani kuliko simu. Mwaka 1839, ule ule ambao upigaji picha ulitangazwa duniani, Mmarekani anayeitwa Robert Cornelius, ambaye ukoo wake ulikuwa na biashara ya taa mjini Philadelphia, alitengeneza kamera yake, akaiweka, akaenda kukaa mbele yake, akatulia mpaka mwanga ukamaliza kazi. Nyuma ya picha ile pameandikwa kwamba ndiyo picha ya kwanza ya mwanga kupata kupigwa. Anaonekana nywele zimetimka, mikono ameikunja, anatazama kando kidogo. Alitaka kujua kama kifaa kinafanya kazi, na sura iliyokuwa karibu ilikuwa yake.

Hata neno lenyewe lilianza kwa shida ya mtu. Matumizi ya kwanza yanayojulikana ya "selfie" kwenye maandishi ni ya Australia, mwaka 2002. Kijana mmoja alilewa kwenye sherehe ya rafiki yake, akaanguka, akatoboka mdomo, akashonwa. Akaweka picha ya mdomo wake ulioshonwa mtandaoni, akaomba radhi kwamba haionekani vizuri kwa kuwa alijipiga mwenyewe. Watu walikuwa wanazungumzia nyuzi za kushonea. Kamusi ya Oxford ikalitangaza kuwa neno la mwaka 2013, na wakati huo dunia nzima ikalisema kwa dharau, ilhali asili yake ni mtu aliyeonyesha jeraha.

Na kwa sisi Waafrika, kuna mmoja ninayempenda kuliko wote: Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akakulia Nigeria, akakimbilia Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya vita vya Biafra huko Nigeria. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake. Mchana anawapiga wateja. Jioni, pozi zilizobaki mwisho wa filamu anajipiga mwenyewe, kwa suruali pana za wakati ule na miwani mikubwa, halafu picha anazituma nyumbani Nigeria ili wajue yu hai na anaendelea vizuri. Leo picha zile zimetundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Zilianza kama habari za mtoto kwa watu wake.

Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilikaa chini. Sababu hata mimi nilifanya hivyo hivyo. Mteja anataka picha zake kesho, filamu imebaki pozi tatu, na huwezi kuisafisha nusu. Basi unaweka kamera juu ya stuli, unavuta pazia lenye mchoro wa ndege, unasimama. Nina picha zangu za hivyo, nyuma nimeandika kwa kalamu: "Mama, nimepata kazi."

La mazishi nitalirudia. Linahitaji nafasi yake.

Binti_wa_Menengai

Habari zenu. Mimi niko Nakuru, na huwa nasoma tu, siandiki. Leo naandika.

Dada yangu alikuwa Saudia miaka miwili, kazi ya nyumbani. Mwanzoni alikuwa anatuma ujumbe: "Mimi sijambo, msiwe na wasiwasi." Mama akaukataa. Akasema ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu yake. Sauti pia mtu anaweza kusimamiwa akaambiwa aseme nini. "Nitumie uso wako." Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, dada akawa anajipiga picha moja kwenye dirisha la jikoni.

Mama hakusoma vizuri shuleni, lakini picha zile alizisoma kuliko sisi wenye vyeti. Anazikuza kwa vidole viwili. Kwanza macho, kama amelala. Kisha midomo, kama imekauka. Kisha mikono, kama inaonekana. Siku moja dada alivuta kilemba chini mpaka karibu na nyusi, na mama akaniambia nimpigie simu saa hiyo hiyo. Kweli alikuwa ameumia kichwani, aliteleza kwenye ngazi akibeba maji. Alituficha ili mama asilie.

Alisharudi, anauza nguo sokoni hapa mjini. Na kwenye kundi la familia bado tunatumiana selfi za asubuhi. Hatuandiki chochote chini yake. Majirani wangeziona wangesema tunajipenda sana.

Mpigapicha_Kibuye

Binti, nimesoma maneno yako mara mbili na nimempigia mke wangu ayasome. "Nitumie uso wako." Nilikuwa nikilitafuta neno hilo tangu nianze kuandika uzi huu. Mpe mama salamu zangu, mwambie kuna mtu Kisumu amemheshimu bila kumwona.

Nahodha_wa_Dunga

Wadau, mimi natembeza watu kwa mashua hapa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, nitasema kidogo. Mnazungumzia moyo, mimi nazungumzia mwili. Watu wanakuja jua likizama, ziwa limekuwa dhahabu, na kila mtu anataka achukue jua, maji na uso wake pamoja. Anasimama kwenye ukingo wa mashua, analipa ziwa mgongo. Nimewashika watu kwa mkanda wa suruali. Kiboko naye akipiga mbizi hujui atakapoibukia, na anayejipiga picha anaangalia skrini tu.

Kuna utafiti uliotoka 2018, uliokusanya habari za magazeti ya dunia kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017: watu 259 walikufa wakijipiga selfi, na kuzama majini kuliongoza. Hao ni wale walioandikwa tu. Kit Mikayi nako watu wanapanda jiwe lile refu na viatu laini. Mkitaka picha, niambieni mimi niwapige. Sitozi.

Mpigapicha_Kibuye

Nahodha amesema ukweli, na wanaopanda kwenye kingo za shimo la volkeno la Menengai kule Nakuru wasikie pia. Usikipe kina mgongo.

Kilemba cha dada yake Binti kimenikumbusha jambo la rangi ya ngozi kwenye picha, na hili sitalipita haraka, maana ndilo linaloniuma zaidi kazini.

Vijana hamjui tulikotoka. Filamu za rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaiita Shirley, na rangi zote zilirekebishwa mpaka yeye akae vizuri. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Mimi napiga harusi hapa Kisumu, bwana harusi mweusi tititi kama babu zetu, bibi harusi yuko ndani ya shela jeupe. Filamu inaenda kusafishwa, inarudi: shela linang'aa, bwana harusi hana mashavu. Nimewahi kuomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa langu, mbele ya mzee aliyelipa kwa pesa ya ng'ombe.

Kwa hiyo zilipokuja simu ambazo kamera zake zimetengenezwa zikiangalia ngozi yetu, Tecno Camon na wenzake, watu walidhani ni matangazo tu. Mimi niliona mashavu. Kwa mara ya kwanza msichana wa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu alijipiga mwenyewe, kwa simu yake, bila kuniomba mimi wala mwenye maabara ruhusa, na akaonekana alivyo. Ndiyo maana alijipiga nyingi. Kwao nyumbani hakukuwa na picha hata moja ya bibi yake akiwa kijana. Mtu aliyekaa na njaa ya kujiona vizazi vitatu, msimhesabie vijiko.

Na hapo hapo ikaja filta. Naletewa simu, "mzee nichapie hii", naona uso umepakwa chokaa, pua imebanwa, macho yamepanuliwa. Nawauliza polepole: hii unampelekea nani? Mmoja aliniambia ni ya kutundika sebuleni kwa mama yake. Nikamwambia, binti yangu, mama yako anajua rangi aliyokuzaa nayo. Akacheka, akatafuta nyingine isiyopakwa, na hiyo ndiyo iko ukutani leo.

Kuhusu pua, niwaondolee mzigo. Wengi wanaikimbilia filta kwa sababu wanadhani pua yao ni kubwa. Ni umbali tu. Uso ukiwa karibu na lenzi, kilicho mbele hukua. Madaktari wa upasuaji wa Marekani waliipigia hesabu mwaka 2018: picha ya umbali wa sentimita 30 hivi huionyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa mita moja na nusu, na walikuwa wakipata watu wanaotaka kupasuliwa pua kwa sababu ya selfi. Egemeza simu kwenye kikombe, weka saa ya kuhesabu, rudi nyuma hatua mbili. Simama ambapo mwanga wa dirisha unakupata kwa upande. Pua yako itarudi kuwa ya baba yako.

Mwalimu_Vihiga

Mpigapicha, hilo la pua nitawasomea darasani kesho. Lakini bado una deni la mazishi.

Mpigapicha_Kibuye

Nalilipa, mwalimu.

Wengine watakumbuka Desemba 2013, ibada ya kumkumbuka Mandela pale Johannesburg. Waziri mkuu wa Denmark akanyanyua simu, akajipiga na Obama, rais wa Marekani wakati huo, na Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, wote wanatabasamu. Dunia iliwasema sana. Mimi nilifikiri: huku kwetu matanga si ukimya tu. Tunakesha, tunaimba, tunapikiana, watu walioachana miaka kumi wanakutana kwenye hema moja. Watu wa ukoo wakijipiga picha chini ya mwembe, shangazi wa Mombasa na mpwa wa Busia, hiyo siikatazi hata siku moja. Kwetu kufika msibani ni deni, na mtu aliyesafiri usiku kucha kutoka Nairobi kuja Siaya ana haki ya kusema "nilifika". Nimechapa nyingi za hivyo, na ndizo ukoo unazitafuta baadaye, kwa sababu msiba unaofuata huwa unamchukua mmoja wa waliosimama pale.

Lakini wale vijana wako wawili walikosea, na nitasema wazi walikosea wapi. Si kwamba walipiga picha. Walimpa marehemu mgongo, wakamfanya mandhari. Barua ilikuwa inaenda kwa wengine, na mama alikuwa amesimama katikati ya bahasha. Jeneza likiwa linashuka, mtu pekee anayepaswa kuandikiwa ni yule mama, na yeye anaandikiwa kwa kusimama kimya karibu naye. Ningekuwa pale ningewashika mabega wote wawili, nikawageuza.

Binti_wa_Menengai

Mzee, samahani, nina swali moja. Yule nyanya wa Seme. Ile picha ya kwanza, iliyokuwa kinyume, uliitupa?

Mpigapicha_Kibuye

Nilitaka kuitupa, binti. Nilikuwa nimeshaikunja. Walikuwa wameshafika mlangoni, nyanya akasimama, akarudi, akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Nyanya, hii ilikuwa mbaya, usinilipe." Akasema ile nzuri itakaa kwenye jeneza, halafu itakaa ukutani watu waione. Hii akaikunjua, akainyoosha na ncha ya leso, akaomba niipunguze iingie kwenye Biblia.

Nikamuuliza kwa nini, na hata haifanani naye.

Akaniambia, "Hivi ndivyo alivyokuwa anajiona."

Nikampunguzia.